Siku Niliyokushika Ukingoni mwa Kisima

Mumbua wangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga bibi yako, Susu wako, na mimi nimeketi hapa nje ya jikoni, jua likiwa bado liko juu ya miti. Nataka nimalize kabla hujarudi. Ukinikuta na kalamu utaniuliza ninaandika nini, na nikianza kukuambia kwa mdomo nitashindwa katikati, kama nilivyoshindwa jana. Salamu sikuandikii. Tumeshinda pamoja tangu asubuhi tukikunja nguo zako, na salamu ni za watu walioachana.

Naandika kwa Kiswahili, usishangae. Kikamba ndicho ninacholilia na ndicho ninachoombea, na nikikitumia kwa mambo haya sitafika mwisho. Kiswahili nilifundishwa na mwalimu, kwa fimbo, mpaka darasa la nane, kwa hivyo kinaweza kukaa mbali na mimi kidogo. Ukiona makosa, yapite tu.

Mambo ya blanketi, ya kufunga mlango, ya kuchunguza utakayelala naye chumba kimoja, hayo sitayarudia. Nimeyasema wiki nzima mpaka ukaniambia, "Mwaitu, hata redio huzimwa, mama." Nilicheka. Lakini jana ulisema neno lingine, na hilo halikunichekesha.

Tulikuwa tunachambua ndengu. Nilikuuliza kazi yenyewe huko Athi River ni ya namna gani, nawe ukanieleza bila kuniangalia. Kwamba shamba hilo la maua linavuta maji ya kisima kirefu, kwamba maji hayo yana magadi kama yetu, na kwamba wewe ndiye utakuwa unayapima pH na kuyatilia asidi mpaka yafae maua. Nikauliza, "Na hayo matangi, mtu huingia?" Ukasema, "Wakati wa kuosha, ndiyo." Nikauliza, "Na mwenzako akianguka huko ndani?"

Ulipepeta ndengu kwanza. Kisha ukasema, "Mimi ningeshuka, Mwaitu. Hata siku ile ningeshuka. Hata leo ningeshuka."

Ukainuka ukaenda kuwamwagia kuku takataka. Mimi nikabaki na ungo mapajani. Basi barua hii ni ya neno hilo tu. Mengine yote utajifunza mwenyewe.

Ulikuwepo kisimani, najua. Lakini hatujawahi kuketi tukazungumza habari zake. Kila mmoja amekuwa na upande wake wa kile kisima. Nitakuambia upande wangu, tangu mwanzo, hata pale unapopajua.

Kisima kile baba yako na baba yako mdogo Kimeu walikichimba kwa mikono kabla hujazaliwa. Baba yako, Muthama, alikuwa chini na sururu, Kimeu juu na kamba. Kila asubuhi kabla ya kushuka, baba yako aliteremsha koroboi iliyowashwa. Ikizimika, hawashuki siku hiyo. Ikiendelea kuwaka, wanashuka. Nilimuuliza anatafuta nini, akaniambia, "Naangalia kama kuna hewa. Chini huko si kwako, hata kama ni shamba lako." Nakuandikia hili ujue kwamba baba yako hakuwa mtu mjinga. Kuna watu hapa Ndithini wanaomzungumza kama mjinga, na huwa sijibu, lakini wewe nataka ujue.

Maji yalipopatikana tulifurahi, halafu tukayaonja. Uliyakulia, sina haja ya kukueleza. Sabuni haikutoa povu. Maharagwe yalichemka mchana kutwa na bado yakabaki magumu kama mawe. Sufuria ilifanya ukoko mweupe ambao niliukwangua kwa kisu. Ya kunywa tuliendelea kuchota mtoni, kwenye mashimo ya mchanga, na ya kisima tukayaachia mboga. Miaka ilienda hivyo. Baadaye mwethya wetu, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, ulipoanza kulima nyanya pamoja, tukaweka ile mipira ya kumwagilia kwa matone, na msimu wa kwanza tu mipira ikaziba. Ukiikata unaona ndani kumejaa weupe kama meno. Hata dawa ya wadudu haikufanya kazi. Tunapiga leo, kesho viwavi wako palepale.

Mwenye duka la dawa za kilimo pale Kithyoko alikuja mwenyewe kuangalia. Akachovya kikaratasi chake kwenye maji, kikageuka rangi, akatikisa kichwa. "Mama Mumbua, hii maji yenu iko na shida. Dawa inafia ndani ya pampu kabla haijamfikia mdudu." Akamwonyesha baba yako cha kufanya. Pipa la maji, asidi kidogo, asidi iingie kwa maji na siyo maji kwa asidi, koroga na mti mrefu, pima tena na kikaratasi. Uso upande wa upepo unakotoka. Glavu. Baba yako alishika yote hayo kama katekisimu. Msimu ule nyanya zilizaa, unakumbuka, mpaka Kimeu akasema tutaanza kuogea nyanya.

Sasa shida ilikuwa pipa. Pipa moja, na watu wa mwethya ni wengi, na kila mtu anataka ya kwake asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Watu walisimama kwenye foleni na mitungi wakinuniana. Siku moja Kimeu akasema, na unajua alivyokuwa na mdomo, "Jameni, mgonjwa ni kisima, na sisi tunamtibu kikombe! Si tumpe dawa mwenye ugonjwa?"

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu lilionekana ni neno la maana. Usituone wapumbavu, mwanangu. Wakati wa kipindupindu watu wa afya walipita boma kwa boma wakimimina dawa nyeupe kwenye visima. Tuliwaona kwa macho yetu. Walimimina, wakatuambia tusubiri mpaka kesho, tukasubiri, na hakuna aliyekufa. Kwa hivyo sisi tulijua kwamba dawa ya maji huwekwa kisimani, kisima kinafunikwa, na watu wanalala wakingoja. Tulichukua jambo lililotuponya tukalifanya tena kwa dawa nyingine. Hilo ndilo kosa letu lote. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, hakuna aliyekuwa amelewa. Nimetafuta sana mtu mwenye nia mbaya katika jambo lile, ingenisaidia kumpata. Sikumpata.

Ulikuwa likizo ya Agosti. Ulikuja kisimani na mtungi wako, ukasimama kati ya akina mama. Baba yako alikuwa ameshika mtungi wa asidi, mzima, haujafunguliwa. Mimi ndiye niliyekuwa wa maombi katika mwethya, kila kazi nilikuwa naifungua. Nikawaambia watu waje karibu. Ndipo ukasema, kwa sauti ya kusikika, "Mwaitu, si mwenye duka alisema ni pipa?"

Nilikusikia vizuri. Nilikuwa na vikaratasi vile mfukoni mwa aproni yangu, mimi ndiye niliyevitunza. Na nikakujibu mbele ya watu wote, "Mumbua, wakubwa wanataka kuomba. Funga macho."

Ulifunga macho.

Nimefikiria maneno yale mara nyingi kuliko sala yoyote. Huenda ungejibiwa hata hivyo na kazi iendelee, Kimeu angekufanyia mzaha na watu wangecheka. Lakini huenda baba yako angesimama kidogo. Alikuwa mtu wa kusimama akiulizwa. Mimi sikumpa nafasi ya kuulizwa, kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua kinywa kuomba. Niliomba kisima kibarikiwe kama Bwana alivyoyaponya maji machungu kule jangwani. Nikasema amina, asidi ikamiminwa, na maji yakaanza kuchemka huko chini. Yalitoa sauti kama soda ikifunguliwa. Watu wakapiga makofi. "Imekubali! Imekubali!" Nami nilipiga makofi, nikidhani ni jibu.

Tukafunika na mabati, tukaweka mawe juu ili watoto wasichote. Hata kufunika tuliwaiga watu wa afya.

Asubuhi mpira wa kuvutia maji ulikuwa umeng'oka chini. Kimeu akavua viatu. Baba yako alikuwa anafungua mabati, nami nilikuwa naja na chai. Kimeu aliniona akasema, "Shemeji, yangu niteremshie kwa ndoo. Na usiniletee chai tupu kama ya mahabusu, tia na kitu." Nikamwambia, "Shuka kwanza ufanye kazi, mlafi wewe." Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Aliyacheka akiwa amekanyaga kidato cha kwanza cha ngazi ya kisima. Alikuwa bado anaongea akiwa amefika katikati, kisha hakuongea.

Hakuna aliyewasha koroboi. Kisima kilikuwa cha kila siku. Koroboi ilikuwa ya kisima kigeni, na hiki kilikuwa kama chumba cha nyumba yetu.

Tulisikia maji yakipigwa. Baba yako aliita, "Kimeu! Kimeu, wacha mchezo!" Kwa sababu Kimeu angeweza kufanya mchezo kama huo. Aliita mara ya pili, akanitazama, akashuka. Hata shati hakuvua. Nilikuwa na kikombe mkononi, na kati ya kunitazama na kushuka sikupata hata neno moja la kumwambia.

Wewe ulitoka nyumbani ukikimbia. Hapo ndipo upande wako wa kisima unapoanzia, na hapo ndipo nataka unisikilize.

Nilikushika kiunoni. Ulinikwaruza shingo, ukaniuma hapa mkononi. Alama imefifia ila mimi najua ilipo. Ulikuwa unapiga kelele, "Mwaitu niachilie! Baba anapumua! Namsikia anapumua!" Mimi nilikuwa nasema, "Hapana, hapana, hakuna kitu."

Kulikuwa na kitu. Nami nilimsikia. Ilikuwa sauti kama ya mtu anayekoroma, inaenda, inasimama, inaenda. Nilimsikia bwana yangu akivuta pumzi huko chini na nikakushika. Watu walinisifu baadaye. Mchungaji alisema kwenye mazishi kwamba Mungu alinipa hekima. Haikuwa hekima, Mumbua. Sikujua habari ya hewa wala ya asidi. Sikukushika kwa kuwa nilielewa kitu. Nilikushika kwa sababu wawili walikuwa wameshuka na hawakurudi, na wewe ulikuwa karibu na mikono yangu. Basi. Mnyama angefanya hivyo hivyo.

Wanaume wa mwethya walipofika mbio, mmoja akaanza kujifunga kamba. Ni kijana wa watu, mke wake ana mimba, ananiambia, "Mama, toka hapo, tunapoteza wakati." Nililala juu ya mdomo wa kisima. Nilijitandaza pale kama nguo inayoanikwa, nikawaambia watie ndoana, watie ndoo, watie chochote, lakini mtu hatashuka. Walinitukana. Mmoja alisema, "Huyu mama anamuua bwana yake." Harufu ilikuwa inapanda usoni mwangu, inachoma pua, kichwa kikawa chepesi, mpaka wakanivuta miguu wakaniondoa. Kufikia wakati huo sauti chini ilikuwa imeisha, na hakuna aliyetaka tena kushuka.

Waliwatoa kwa ndoana. Hapo sitaandika.

Yaliyofuata unayajua kwa sehemu. Vijana walitaka kwenda Kithyoko kuchoma duka la yule mtu wa dawa. Walipita hapa na mitungi ya mafuta, wakidhani nitawabariki. Nilitoka na nguo zangu za matanga nikawaambia, "Aliyesema pipa ni yeye. Waliosema kisima ni sisi. Mkitaka kuchoma, anzeni na hii nyumba." Mmoja akaniuliza, "Sasa Mama, hata hasira hutaki tuwe nayo?" Nilimhurumia. Na wengine wakasema ni majini, kisima kina mwenyewe, kuna mtu alitupiwa kitu. Walitaka kuleta mtu wa kukitazama. Nilikataa, na wakasema nimekataa kwa sababu nina siri.

Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwa nini nilikataa. Hata mimi jini lingenifaa. Lingenitoa lawamani. Hata ule msemo wetu wa kanisani, kwamba Mungu amependa, nilijaribu kuuvaa na ukanibana. Mimi naamini Mungu yupo, namwamini kuliko zamani, kwa sababu sina mwingine wa kuzungumza naye saa ninazozungumza naye. Lakini sitambebesha mtungi ule. Mtungi ule ulibebwa na sisi.

Susu wako ndiye niliyemwogopa zaidi. Wana wawili kwa asubuhi moja. Hakunisalimia mpaka mvua zikaja zikapita. Alimwambia mke wa jirani, "Angemwacha mtu mmoja tu ajaribu." Kisha siku moja alikuja mwenyewe, akaketi pale kwenye kigoda, akakataa chai. Akaniuliza, "Uliwasikia?"

Nilijua anachouliza. Nikasema, "Kimeu sikumsikia. Muthama nilimsikia."

"Kwa muda gani?"

"Muda wa kutosha, Mwaitu," nikamwambia, maana naye ni mama kwangu.

Alikaza mkono kwenye fimbo yake mpaka nikafikiri ataniinulia. Akasema, "Watu wote wananiambia wanangu walilala tu kama watoto. Nimechoka na watu hao." Halafu akaomba chai. Tangu siku hiyo tunasalimiana, na akipika muthokoi ananiletea. Usimfiche kitu yule mwanamke. Ukirudi likizo akikuuliza unafanya kazi gani huko, mwambie asidi, mwambie maji. Usimwambie uko ofisini.

Wewe ndiye uliyenieleza, mwaka wako wa kwanza chuoni, kilichowaua. Ulikuja likizo, tuko tunavuna kunde, ukaniambia bila mimi kuuliza. Kwamba maji yetu yamejaa kitu cha chokaa, na hata yale mapete ya saruji yanayoshikilia kuta za kisima ni chokaa. Asidi ikikutana nacho inatoa hewa, ileile inayotoka kwa soda. Hewa hiyo ni nzito, haipandi, inajaa kisimani kama maji yanavyojaa kwenye sufuria, na mabati yetu yaliifungia usiku kucha. "Mtu akishuka ndani yake, Mwaitu, anazama. Ila nguo hazilowi." Ulisema hivyo, ukaendelea kuvuna.

Na mimi nilifanya nini? Nilikukasirikia. Nilikuambia, "Umeenda shule kusomea kifo cha baba yako? Unataka kunimaliza?" Ulitupa kunde ukaingia nyumbani. Ulikuwa umeniletea zawadi kubwa kuliko zote, umenitolea majini kisimani kwa sentensi moja, nami nikakutukana. Hiyo ni mara ya pili nilipokufunga mdomo kuhusu maji yaleyale. Nilitaka usomee uuguzi, ualimu, kushona, chochote kisichokuwa na mtungi. Niliomba hivyo, kwa jina lako, kila Jumapili. Mungu hakunijibu na leo namshukuru, kwa sababu ninaona sasa kwamba uliifuata hiyo kazi kama mtu anayemfuata mwizi mpaka kwake. Ulitaka kukiona kifo kile usoni.

Basi nenda ukakione. Sikuzuii. Jana nilitaka kukuzuia, nilikuwa nimeshapanga maneno ya kusema niko mgonjwa. Nimeyaacha.

Lakini huko utapata watu kama sisi. Usidhani kwa kuwa shamba lina uzio wa umeme na wakubwa wana magari, watu wamekuwa wengine. Kutakuwa na asubuhi ambayo pipa ni dogo na foleni ni ndefu. Kutakuwa na mtu mwenye mdomo mtamu kama Kimeu, utampenda, na atasema neno linaloonekana ni la maana. Kutakuwa na mkubwa atakayekuambia, kwa lugha yoyote atakayotumia, funga macho. Wewe uliza. Uliza ukionekana mbaya. Uliza hata kama wameshaanza kuomba. Wakikufukuza kwa ajili ya kuuliza, rudi nyumbani ukiwa umenyoosha shingo. Ukiingia langoni na begi lako, mimi sitakuuliza kwa nini. Nitaweka maji ya chai.

Sasa lile neno la jana. Ulisema ungeshuka.

Najua ungeshuka. Wewe ni baba yako mtupu. Umepata miguu yake, na huo moyo wake usiongoja. Nilimpenda kwa moyo huo. Ndio uliomfanya aende kuwatoa mbuzi wa watu mtoni wakati wa mafuriko, na ndio uliomshusha. Kanisani tunafundishwa kwamba hakuna upendo mkuu kuliko wa mtu kutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake, na mimi mama yako, ninayelisadiki neno hilo, ninakuandikia kwa mkono wangu kwamba usifanye hivyo. Sijui nitamjibu nini Bwana. Nitajibu siku hiyo.

Baba yako hakumpunguzia Kimeu hata pumzi moja. Alimwongezea mwenzake wa kulala naye. Kama angekaa juu, angekimbia kuita watu, angetafuta kamba na ndoana pamoja nami, na Kimeu angekufa vilevile, ndiyo. Lakini ningekuwa na bwana wa kulia naye, nawe ungekuwa na baba wa kubeba sanduku lako kesho asubuhi. Mimi nimepiga hesabu hiyo kwa miaka, nikijaribu kuifanya itoke vingine. Haitoki.

Kwa hivyo mwenzako akianguka kwenye tangi, Mumbua, utamsikia. Hilo hakuna atakayekuambia chuoni, ndiyo maana nakuambia mimi. Utamsikia akivuta pumzi, na pumzi hiyo itakuita kwa jina. Itakuwa ni mtu uliyekula naye asubuhi. Miguu yako itaenda yenyewe. Hapo mimi sitakuwepo. Mikono hii haifiki Athi River. Itabidi ujishike mwenyewe kiunoni, ujikwaruze, ujiume. Piga kelele, ita watu, tafuta wale wenye mitungi ya hewa mgongoni ulioniambia wapo huko. Wasipokuwepo, kaa pale juu umlilie. Lala juu ya mdomo wa tangi wengine wasishuke. Watakutukana. Watasema una moyo wa jiwe. Mama wa mtu huyo atakuja kukuuliza kama ulimsikia, na utamwambia ndiyo.

Haiishi, mwanangu, sitakudanganya. Mimi bado namsikia nikipepeta, nikichota maji, nikiwa kwenye ibada watu wakinyamaza. Lakini nimezoea kuishi nayo kama mtu anavyozoea mguu mbovu. Nawe utazoea, na utakuwa hai. Uhai huo hautakuwa mzuri kwa muda mrefu, ila utakuwa wako.

Kama bado una hasira nami kwa siku ile, ibebe uende nayo. Sikuombi uiache hapa. Nilikushika mbele ya sauti ya baba yako, na mtoto ana haki ya kutosamehe hilo haraka. Nikasirikie ukiwa na miaka thelathini, ukiwa na hamsini, uje na wajukuu wangu ukiwa bado umenuna. Nitakupokea. Ila ujue, kama saa ile ingerudi, na baba yako akawa anapumua vilevile, ningekushika tena, na safari hii macho yangu yakiwa wazi.

Naona vumbi la njia ya Susu wako, nadhani ni wewe unarudi. Barua hii nitaitia ndani ya sanduku chini ya sweta, uikute huko. Bwana akulinde kila unapofungua mfuniko wa tangi. Na wakikuita mwoga, waambie ndiyo, mama yako ndiye aliyekufundisha.

Ni mimi Mwaitu wako, niliyekushika.